Kipande na Kazi Yake

Jumapili, 14 Mei 2023

Nimetoka Mchikichini na mfuko wa salfeti umejaa midoli iliyovunjika. Muuzaji wa mitumba ya watoto pale Karume ameshanizoea. Akifungua bero, vigari vizima na wanasesere wenye vichwa anavipanga juu ya turubai. Makorokoro ya plastiki ananisogezea pembeni. Hakuna mzazi anayenunua gurudumu lisilo na gari. Mimi nanunua. Tumepatana bei ya fungu, hakuna kuhesabu.

Nyumbani nimeyamwaga kwenye beseni: maji ya uvuguvugu, sabuni ya unga, mswaki mkuukuu. Maji ya moto hapana. Mimi sivuki nyuzi 40, maana tofali likipinda hata unywele halimshiki mwenzake. Kisha kwenye ungo, uani, upande wa kivuli, kwa sababu jua hugeuza nyeupe kuwa manjano.

Mavuno ya leo: gia za meno 8, 16 na 24, na moja kubwa ya meno 40, shafti za plastiki ambazo ukizitazama kwenye ncha zina umbo la msalaba, mikono mirefu yenye matundu, pini nyeusi chungu nzima, matofali ya kawaida ya kila rangi. Mpangaji wa chumba cha mbele amepita na ndoo yake, akauliza kama nimefungua chekechea. Nimemwambia ndiyo, mwanafunzi ni mmoja na ndiye huyo huyo mwalimu.

Jumatatu, 15 Mei

Kariakoo imegoma. Maduka yamefungwa, wenye mali wamesimama vikundi vikundi mbele ya milango yao wenyewe. Wanalalamikia kodi, kamatakamata na agizo la kusajili stoo. Bosi amepiga simu asubuhi: "Dada, leo usije. Kaa nyumbani mpaka tuone." Nimekaa. Stoo yangu ipo chini ya kitanda na haijasajiliwa popote.

Siku nzima sakafuni, nimetandika kanga, vipande vyote juu yake. Zamani nilikuwa napanga kwa rangi, kila rangi na kopo lake la Blue Band. Kwenye rafu inapendeza, mgeni akiingia anasifia. Lakini ukitafuta pini moja nyeusi ndani ya kopo la vitu vyeusi tupu, jicho linapita juu yake bila kuiona, kwa sababu umbo limezama kwenye rangi yake. Ukichanganya rangi na kutenga maumbo, mambo yanageuka: pini nyekundu kati ya pini za kila rangi inajitokeza yenyewe. Jicho hutenganisha rangi bila kuombwa. Maumbo lazima mkono uyatenganishe kwanza.

Basi nimevunja makopo ya rangi. Vidogo vidogo nimevihamishia kwenye trei za mayai, zile za karatasi zenye mashimo 30. Shimo moja, umbo moja. Trei zinabebana, nyepesi, na ukihitaji kitu unainua trei nzima kwenda nayo mezani. Mjini hapa sijaona kabati la bei nafuu kuliko hili.

Jumatano, 17 Mei

Bosi amekwenda Mnazi Mmoja na wafanyabiashara wenzake kumsikiliza Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa. Mimi nimebaki barazani na Fundi.

Nyumba yetu ni ya zile za Kiswahili zilizobaki, korido katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Kushoto kuna ghorofa, kulia kuna ghorofa linaloendelea kupanda. Baraza ni ya Fundi tangu sijahamia. Anashonea cherehani nyeusi ya miguu, sare za shule na kanzu, na kupunguza suruali za mitumba. Leo wateja hawakuja, ila alikuwa na kiporo cha sare, kwa hiyo nimekaa kwenye ngazi nikimtazama anavyokanyaga.

Nimeitazama cherehani miaka yote bila kuiona. Leo nimeiona. Mguu unakwenda juu na chini. Fimbo inaupeleka mwendo huo kwenye gurudumu kubwa la chini, na hapo juu-chini inakuwa mzunguko. Mkanda wa ngozi unaupandisha mzunguko kwenye gurudumu dogo la kichwani, ambalo kwa kuwa ni dogo linazunguka upesi zaidi. Ndani ya kichwa mzunguko unageuzwa tena kuwa juu-chini, safari hii ya sindano. Chini ya bamba kuna meno yanayovuta kitambaa. Kile kinachobeba bobini, kwa cherehani ya aina hii, hakizunguki, kinayumba kwenda na kurudi. Mguu mmoja tu, na miendo yote hiyo inatoka humo.

"Shikamoo Fundi, naomba unifungulie bamba la chini."

"Marahaba mwanangu. Limekukosea nini?"

Amefungua. Nimechora kwenye daftari hili mpaka adhuhuri. Nimeamua: nitaijenga kwa matofali. Sitaki sanamu ya cherehani kwa ajili ya kupamba rafu. Nataka ile inayokanyagwa ikaenda.

Jumamosi, 20 Mei

Maduka yamefunguliwa, kazi imerudi kwa kishindo. Wateja wa siku zilizolala wamekuja kwa pamoja.

Dukani kwetu Gerezani tunauza beringi, mikanda na oili sili. Mteja wa kwanza leo aliniambia, "Binti, niitie mwenye duka." Nimemuuliza anataka nini. Ametoa mfukoni beringi ya pampu, imeliwa, namba haisomeki. "Nataka kama hii." Nimeipima kwa kalipa: tundu 17, nje 40, upana 12. Nimemwambia, "Hiyo ni 6203," nikampa kabla hajamaliza kuvuta kiti.

Nimekuwa nikiliwazia hilo mchana wote. Namba ya beringi haimtaji aliyeitengeneza wala rangi ya boksi lake. Inataja vipimo na aina ya beringi. Kuanzia 04 na kuendelea, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata tundu: 6204 ni milimita 20, 6205 ni 25, na kadhalika. Atakayekuja na shafti ya milimita 25 hajui jina lolote la beringi, lakini rafu inamjibu. Rafu yetu imepangwa kwa swali ambalo mteja ataliuliza.

Sasa mimi nikiwa mezani kwangu usiku, mteja ni nani? Ni mimi mwenyewe, na swali langu huwa si "kiko wapi kile kirefu chenye matundu saba?" Swali huwa "nina nini cha kugeuza mwendo ukunje kona?" au "nina nini cha kuzuia hii isizunguke?" Nauliza kazi, na trei zangu zinajibu umbo.

Kuhusu orijino na feki. Mteja mwingine leo amegoma kuchukua beringi mpaka aone karatasi ya kiwandani, na yuko sahihi, maana beringi bandia inaweza kuua mota. Kwenye matofali nimekuwa mlegevu zaidi. Yangu ni mchanganyiko: mengine ya LEGO kutoka kwenye mabero, mengine ya Kichina ya maduka ya jumla hapa hapa Kariakoo. Yanashikana kwa sababu yote yamefuata kipimo kimoja, milimita 8 kutoka chuchu hadi chuchu. LEGO waliandikisha hataza ya tofali lenye mirija ndani huko Denmark tarehe 28 Januari 1958, na muda wake ulikwisha zamani. Nao wenyewe, matofali yao ya kwanza ya mwaka 1949 yalifuata ya Kiddicraft, kampuni ya Mwingereza Hilary Page. Kwa hiyo kipimo changu ni kama cha dukani: kalipa kwanza, boksi baadaye. Kinachoshika nakipokea. Kinacholegea kinakwenda kopo la mapambo.

Jumapili, 28 Mei

Mtaa mzima ni kijani na njano. Yanga wanacheza fainali ya Kombe la Shirikisho na USM Alger kwa Mkapa, mechi ya kwanza. Mpwa wangu kaletwa tangu asubuhi akiwa na jezi inayomfika magotini. Mama yake ametuachia mtoto sisi wa mjini na yeye yuko uwanjani.

Kabla ya mechi tumefanya hesabu ya gia. Ana miaka kumi na moja, kugawanya anajua. Nimemwonyesha siri ya vipande hivi: nusu ya idadi ya meno ndiyo umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya gia hadi inapokutana na mwenzake. Gia ya meno 8 ina 4. Ya 24 ina 12. Jumla 16, yaani matundu mawili kamili ya milimita 8, kwa hiyo zinakutana bila kulazimishwa. Ya 16 na ya 16: nane na nane, tena 16. Ya 8 na ya 40: 4 na 20 ni 24, matundu matatu.

"Shangazi, na ya 16 na ya 24?"

Nane na kumi na mbili, ishirini. Matundu mawili na nusu. Amekaa kimya, akazijaribu, hazikukaa kwenye mstari mmoja wa matundu. Akasema, "Kumbe zinachaguana."

Ameniuliza kwa nini tusitumie ile kubwa ya 40 kuendesha ndogo ya 8, ili sindano ikimbie mara 5. Nimemwacha aifunge azungushe. Sindano ilikimbia, ila kidole kilichoka. Unachopata kwenye kasi unakilipa kwenye nguvu: mara 5 upesi, mara 5 uzito wa kukanyaga, kabla ya kuhesabu msuguano. Tumekubaliana 24 kuendesha 8, mara 3.

Yanga wamefungwa 2–1. Mayele alisawazisha zikiwa zimebaki dakika chache, mtaa ukalipuka, na kabla watu hawajakaa Waarabu wakarudi. Mpwa wangu amelala na jezi yake.

Jumapili, 4 Juni

Jana Yanga wameshinda 1–0 kule Algiers, na kombe wamelikosa kwa magoli ya ugenini. Jumla 2–2, halafu hakuna kitu. Barazani leo mada ni hiyo tu, Fundi ni Simba na anajitahidi asicheke.

Mimi niko na sindano. Ile ni rahisi: mkono mfupi wenye matundu mawili unafungwa kwenye shafti, umbali wa milimita 8, ukizunguka, fimbo iliyoshikwa kwenye ncha yake inapanda na kushuka mara mbili ya umbali huo, milimita 16. Imetosha.

Meno ya kuvuta kitambaa ndiyo yenye akili. Nimewaomba watu wanaoshona waniambie yanakwendaje, wengi wananijibu "mbele na nyuma". Sivyo. Yangekwenda mbele na nyuma tu yangerudisha kitambaa kilekile. Yana miendo minne: yanapanda juu ya bamba, yanasukuma, yanazama chini ya bamba, yanarudi kwa siri. Mmarekani Allen Wilson ndiye aliyeandikisha hataza ya mwendo huo mwaka 1854, miaka mitatu baada ya Singer kuandikisha cherehani yake. Kwa mwendo huo mshonaji ana kazi ya kuongoza kitambaa tu, mashine inakivuta yenyewe.

Ili kuupata mwendo huo unahitaji mikono mifupi miwili kwenye shafti moja: mmoja wa kunyanyua, mwingine wa kusukuma, na wa pili uwe nyuma ya wa kwanza kwa robo ya mzunguko. Kwenye chuma, fundi mitambo angepima robo hiyo na kuikata. Hapa shafti ni msalaba. Mkono unaingia kwa namna nne tu, na kila namna ni robo. Umbo la shafti limeshanipimia. Nilidhani msalaba umewekwa ili gia isiteleze tu, kama msumari unavyoteleza ndani ya kifuniko cha soda kwenye gari la mtoto. Kumbe unagawa duara pia.

Msukumo wa milimita 16 ni mkubwa mno kwa mshono. Nimeupunguza kwa mtaimbo: mkono mrefu umeegemea tundu la mwisho, unasukumwa kwenye tundu la nane kutoka hapo, na wenyewe unasukuma meno kwenye tundu la pili. Mbili kwa nane ni robo, 16 inakuwa 4. Milimita 4 ni mshono mrefu, lakini ni mshono wa kweli.

Alhamisi, 15 Juni

Nimetoka kazini nimechoka, lakini mkono unawasha. Mtaimbo umekakamaa. Ukizungusha kwa vidole unakwenda, ukikanyaga unakwama palepale kila mzunguko.

Pini. Kuna aina mbili zinazofanana kwa urefu na unene. Moja ina mistari midogo iliyoinuka, inashika tundu kwa nguvu. Kazi yake kufunga mikono miwili iwe kitu kimoja. Nyingine ni laini, inazunguka tunduni bila ubishi. Kazi yake kuwa bawaba. Kwa LEGO ya kushika huwa nyeusi, laini huwa kijivu au rangi ya mchanga, na mtu akiwa na za kampuni moja rangi inamtosha. Kwenye mchanganyiko wangu rangi inasema uongo. Nina nyeusi laini. Nina kijivu inayong'ang'ania. Mkono wa mtaimbo ulikuwa na pini nyeusi ya Kichina ambayo ingepita kuwa bawaba kwa hiyari, na kwenye egemeo kulikuwa na ya kijivu iliyoshika mpaka tundu likalia.

Kwa hiyo usiku huu sijajenga. Nimechukua mkono mmoja wenye tundu zuri, nikapitisha kila pini humo, nikaizungusha kwa kidole gumba. Inayokataa huku, inayokubali kule. Macho nimeyafumba makusudi baada ya muda, maana yalikuwa yananishauri vibaya.

Na hapo ndipo lile swali la tarehe 20 Mei lilipojibiwa. Trei za maumbo zimebaki kwa matofali. Kwa vyote vinavyohusika na mwendo nimeandika lebo mpya kwa kalamu ya wino mzito:

VINAVYOZUNGUKA. VINAVYOSHIKA. VINAVYOGEUZA (gia za kona, mikono mifupi). VINAVYOBADILI KASI. VINAVYOBEBA (fremu, mihimili). VILIVYOKUFA.

Pini zinazofanana kama pacha sasa zinakaa makopo mawili tofauti. Shafti na pini laini, ambazo hazifanani hata kidogo, zinakaa kopo moja. Mgeni akiona atadhani nimechanganya.

Jumapili, 25 Juni

Kanyagio linafanya kazi nusu. Mguu ukishuka mashine inakwenda. Ukifika chini kabisa, inasimama. Mara nyingine inaanza kurudi kinyumenyume. Fundi amekuja mlangoni, kikombe mkononi, akatazama nikihangaika.

"Hiyo haina uzito, mwanangu. Yangu mimi ukiacha kukanyaga bado inakwenda. Chuma kile kinakubeba pale mguu unapogeuka."

Kweli. Kanyagio lina sehemu mbili ambapo mguu hausukumi kitu, juu kabisa na chini kabisa. Hapo gurudumu linatakiwa lijipeleke lenyewe, na plastiki yangu ni nyepesi mno kujipeleka popote.

Kwenye kopo la VILIVYOKUFA nilikuwa nimeweka beringi ya 6203 iliyoganda kwa kutu, mteja aliiacha kaunta. Kipenyo cha nje milimita 40, yaani matundu matano kamili. Tundu la ndani 17. Tofali la duara la chuchu nne lina upana wa karibu 16, na katikati lina tundu la msalaba. Nimelizungushia utepe wa umeme mpaka likakaza, nikalisukuma ndani ya beringi, nikapitisha shafti. Beringi nzima ya aina hiyo ina gramu kama 65, plastiki yote ya kichwa cha cherehani yangu haijui uzito huo. Na kwa kuwa imeganda, pete ya nje haizunguki peke yake. Inakwenda na shafti. Beringi iliyo hai isingefaa hapa.

Nimeifunga kwenye shafti ya juu, ile ya upesi, mahali pale pale ambapo cherehani ya Fundi ina gurudumu la mkono. Ningeifunga chini ingekuwa na faida ndogo: kasi ikizidi mara 3, nguvu inayohifadhiwa kwenye mzunguko inazidi mara 9. Nimekanyaga kwa vidole viwili. Imepita chini, ikapita juu, ikaendelea.

Ijumaa, 7 Julai

Saba Saba. Watu wamejaa kwenye daladala kwenda Kilwa Road kwenye maonesho. Duka limefungwa. Mpwa wangu kachagua kuja kwangu, kwa sharti la aiskrimu.

Leo ni jaribio. Sindano ya kweli sitaki karibu na mtoto, kwa hiyo nimeweka mrija wa kalamu ya wino kwenye fimbo ya sindano, na chini ya mguu wa cherehani nimepitisha karatasi ya mashine ya risiti, ile roli nyembamba. Kila mshono uache nukta. Kama miendo yote inapatana, tutapata nukta zilizoachana sawa.

Mara ya kwanza karatasi ilitoka kinyume, ikamrudia mshonaji. Tumehesabu gia zinazoshusha mwendo kutoka shafti ya juu hadi ya chini, zote za meno 24: zilikuwa nne. Kila gia inageuza mwelekeo wa mwenzake, kwa hiyo zikiwa shufwa ya kwanza na ya mwisho zinapingana, zikiwa witiri zinakubaliana. Tumeongeza moja na kuinua kichwa kwa matundu matatu. Karatasi ikaenda mbele.

Mara ya pili nukta zilikuwa na mikia. Mpwa wangu ameona kabla yangu: "Shangazi, kalamu bado ipo chini na karatasi inaondoka." Ndiyo hasa. Meno yanatakiwa yasukume kalamu ikiwa juu na yalale kalamu ikiwa chini. Robo ya msalaba ni hatua kubwa mno kwa marekebisho haya, nyuzi 90. Lakini gia ya meno 24 ukiilegeza na kuirudisha ikiwa imeruka jino moja, unasogeza nyuzi 15. Tumeruka jino moja: mkia mfupi. Mawili: nukta. Nukta safi, moja baada ya nyingine, zikitoka upande wa pili kwenye karatasi ambayo kwa kawaida huandikwa bei na kodi.

Tumempelekea Fundi ukanda mrefu wa nukta. Ameuvuta mbele ya macho, akaupima kwa ukucha wa kidole gumba, nukta kwa nukta, anavyopima mshono wa mwanafunzi wake.

"Hapa mmeruka," amesema.

Kweli, karibu na mwisho kuna nafasi pana kuliko nyingine. Mpwa wangu alikuwa amecheka akakanyaga kwa pupa, karatasi ikateleza kwenye meno. Fundi amemwambia, "Mashine haitaki nguvu, baba. Inataka mwendo." Kisha amempa kipande cha msasa. Tumekibandika kwenye meno, na karatasi haikuteleza tena.

Jumatatu, 10 Julai

Miaka miwili leo tangu soko kuu liungue, usiku wa Julai 10, 2021. Nimepita Tandamti nikienda kazini, jengo limezungushiwa mabati na ujenzi unaendelea.

Jengo lile la Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, watu hulisifu kwa paa lake, miavuli ya zege iliyopanuka juu. Mimi leo nilikuwa nakumbuka sakafu zake. Chini, shimoni, mzigo wa jumla: viroba, matenga, vitu ambavyo hutaki kuvipandisha ngazi. Katikati, rejareja ya vyakula, pale mguu wa mnunuzi unapoingilia. Juu, mbegu, madawa ya kilimo, zana, vitu ambavyo mtu hupanda kuvifuata kwa sababu anajua anachotaka. Ndizi na nyanya hazifanani, lakini zilikuwa jirani kwa sababu zinanunuliwa na mtu yuleyule kwa haraka ileile. Na mitaa ya nje ina desturi hiyohiyo: simu Aggrey na Likoma, nguo Kongo, sisi wa vyuma Gerezani. Mgeni wa mkoani hahitaji kujua jina la duka. Aseme shida yake tu, ataelekezwa mtaa.

Jioni nimeshusha makopo ya VINAVYOBEBA chini ya kitanda, ndiyo mazito na siyahitaji kila saa. VINAVYOZUNGUKA na VINAVYOSHIKA nimeviweka mezani, mkono wa kulia.

Jumapili, 16 Julai

Tumeivunja cherehani. Mpwa wangu alipinga, alitaka iwekwe juu ya kabati. Nimemwambia gia za meno 24 ninazo chache na zote zimo humo, na mashine anayoitaka yeye sasa haitajengeka bila hizo. Michoro ipo daftarini, ukanda wa nukta umebandikwa ukurasa unaofuata, hatua za meno zimeandikwa. Siku yoyote itarudi.

Kuvunja ni kazi ya kufundishia kuliko kujenga. Kila kipande kinachotoka nilimuuliza kilikuwa kinafanya nini, kisha akakipeleka koponi mwenyewe. Mikono mifupi: vinageuza. Mtaimbo alisita nao, akauweka kwenye VINAVYOBADILI KASI, kwa hoja kwamba ulipunguza 16 kuwa 4 sawasawa na gia. Mimi ningeuweka na mihimili kwa sababu ni mhimili. Hoja yake ni nzuri kuliko yangu, umebaki alipouweka.

Beringi nilimnyoshea mkono niirudishe kwenye VILIVYOKUFA. Akaikumbatia. "Hii haijafa, Shangazi. Ndiyo iliyokuwa inasukuma pale mguu unapochoka." Amechukua kopo tupu, akaandika kwa mwandiko wake: VINAVYOSUKUMA. Ndani yake ipo beringi peke yake, na raba mbili za mpira nilizompa ili isiwe na upweke, maana nazo huhifadhi nguvu na kuirudisha.

Anachotaka sasa ni basi la mwendokasi, lile refu lenye kiungo katikati. Tumepiga hesabu. La kweli lina mita 18. Likipunguzwa mara 24 litakuwa sentimita 75, na upana kama matundu 13. Meza yangu ina sentimita 60.

Mahitaji: kisahani cha kuzungukia, kwa ajili ya kiungo. Magurudumu ya ukubwa mmoja, matatu kila upande. Kitambaa chepesi cha kukunja kwa ule mkunjo wa katikati. Fundi amesema vipande vya bitana anavyo, atakunja mwenyewe na kupitisha pasi. Difu ya plastiki, maana ekseli ikiwa moja bila difu magurudumu ya nyuma yatagombana kwenye kona. Kumuuliza yule wa Karume bero jipya linafunguliwa lini. Na ubao wa meza, sentimita 80, kwa maseremala wa Gerezani.